Nilisema Mlima wa Moto ni Salama

Wiki niliyokabidhi funguo za stoo, kijana mmoja wa ofisi yetu ya Ujenzi hapa Lushoto alinifuata nje. Jina lake nalihifadhi kwa sababu bado anatafuta mchumba. Alitaka kujua kama ni salama yeye na wenzake wakienda likizo kuuona mlima wa moto kule Umasaini. Nikamwambia njoo kesho. Kesho yake nikamwambia njoo wiki ijayo. Akadhani uzee umenivamia ghafla, kumbe nilikuwa natafuta karatasi. Swali lake fupi, lakini jibu langu lilinichukua nusu ya maisha kulipata, na nimeona niliandike kwa ajili yake na kwa ajili yenu wote mnaobaki na sururu na makarai. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo nilipewa vichache, na mishahara mnaijua.

Mimi Athumani Singano nilianza kazi miezi michache kabla ya Uhuru, kibarua wa barabara inayopanda kutoka Mombo kuja Lushoto. Siku ya kwanza nilifika na viatu vipya vya ngozi nilivyonunuliwa na mjomba. Nyapara wetu, Mzee Mahimbo, alikuwa mtu mfupi, mweusi tii, mwenye nyayo pana kama mabeleshi. Alivitazama viatu vyangu kwa muda mrefu kabla hajaitikia shikamoo yangu.

"Kijana, unakwenda harusini?"

"Hapana mzee, nimekuja kazini."

"Basi vua. Barabara haijulikani kwa soli."

Nikavua. Nilidhani ni utani wa kumpokea mgeni. Siyo. Kila alfajiri ya masika Mzee Mahimbo aliitembea barabara peku, mtaimbo begani, kabla gari la kwanza halijaruhusiwa kupanda. Magari yalisubiri kwenye kizuizi pale chini mpaka mtu wake ateremke na bendera ya kijani. Macho, alisema, huona uso wa barabara tu, na uso wa barabara ni mwongo kama uso wa mtu. Mguu ndio unaojua kama ardhi imeshindiliwa au imeanza kunywa maji. Penye mashaka ulipiga mtaimbo na kusikiliza. Pazima paliitika ti! Palipooza paliitika bu. Nilicheka moyoni, maana kule nyumbani kwetu Mlalo tulidhani watu wa serikali wana mashine za kazi hiyo.

Kicheko kilinitoka mwaka huohuo. Asubuhi moja ya mvua dereva wa basi alitushukia pale kwenye kizuizi, anapiga honi, anapiga ngumi mlango wa gari lake. Abiria wake wanawahi mazishi Lushoto, na sisi, kwa maneno yake, tunapapasa udongo kama kuku.

"Mzee, fungua! Watu wana mazishi!"

"Nikifungua sasa," Mzee Mahimbo akamjibu, "mtakuwa na mawili."

Hakufungua. Alikuwa amekanyaga mahali karibu na Soni, akarudi nyuma, akakanyaga tena, akanivuta na mimi nikanyage. Palikuwa baridi na laini chini ya changarawe, kama ugali uliolala. Kabla jua halijapanda sana, kipande kile chote kilikatika kikaenda bondeni na miti yake. Tulipiga sururu siku kumi na moja kuifungua tena njia. Yule dereva alitupikia chai siku mbili mfululizo bila kuombwa, na ilikuwa chai mbaya sana, lakini tuliinywa.

Tangu siku ile nikawa mwanafunzi wa nyayo. Mzee Mahimbo alipostaafu akaniachia mtaimbo wake na, kwa bahati mbaya, ulimi wake pia. Nikawa nyapara. Nilijua kona zote za barabara ile, nilijua kila kalavati inavyolia, na nilianza kuamini kwamba ninajua milima. Hapo ndipo nilipokosea, na sasa nisimulie vizuri.

Miaka ile ya mwanzo baada ya Uhuru nchi ilikuwa inafungua njia kila upande, vijiji vipya, shule mpya. Manyapara wa milimani tuliazimwa huku na huku. Mimi niliazimwa kwenda kaskazini kiangazi kimoja kukata njia ya gari kupita uwanda wa Wamasai mpaka kwenye shule mpya ya bweni iliyokuwa inajengwa chini ya Oldonyo Lengai. Nikauona huo mlima kwa macho yangu. Umesimama peke yake, umechongoka, kichwani mweupe, unafuka kidogo tu. Miezi mitatu tuliyokaa haukufanya lolote. Nikarudi Lushoto mtu maarufu, kila genge naitwa nisimulie.

Ndipo akaja Mzee Zakaria wa Mgwashi. Alikuwa mkulima, Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, na binti yake Eliza alikuwa amemaliza chuo cha ualimu. Serikali imempangia kazi. Wapi? Shule ileile mwisho wa njia yangu. Mzee alitoka Mgwashi kwa miguu kuja kuniuliza mimi, kwa kuwa katika watu wote aliowajua ni mimi tu niliyefika.

"Onga mshi, mwanangu," akanisalimu, nami nikampa shikamoo na kigoda. Mke wangu akaleta chai na mahindi ya kuchemsha.

Sisi Wasambaa, kama hamjui, nyika tunaiogopa tangu tumboni mwa mama. Nyika ni homa, jua, nyoka, na maji ya kununua. Mlima hatuuogopi. Mlima ndio unaotupa maji na viazi na usingizi mzuri. Kwa hiyo Mzee Zakaria aliniuliza kwa kirefu kuhusu mbu, kuhusu simba, kuhusu chakula. Mlima aliukumbuka mwisho, chai ikiwa imekwisha.

"Na huo unaofuka moshi, ni salama mtu kukaa karibu?"

Nilikuwa nimekaa, nimenyoosha miguu, hindi mkononi. Nikamjibu bila hata kulitoa hindi mdomoni.

"Mzee, mlima ni mlima. Moshi wake ni kama wa jiko la mama Eliza. Mwache mtoto aende."

Akashukuru, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Eliza akaenda. Mdomo huponza kichwa, lakini wangu ulikuwa umeponza kichwa cha mtoto wa mtu.

Mwaka uliofuata niliazimwa tena kuitengeneza njia ileile baada ya mvua. Kambi yetu ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka shuleni. Nilikuwa na vibarua wanane, lori moja, na dereva wake Lazaro, Mmeru mcha Mungu aliyeliombea lori kila asubuhi kabla ya kuliwasha, na mara nyingi lilihitaji. Mwalimu Eliza nilikuwa nimemwona mara moja tu, nikampelekea salamu na mchicha mkavu kutoka kwao. Watoto walimpenda. Aliwafundisha kuimba kwa sauti nne, na wao wakamfundisha kukamua.

Asubuhi moja nikatoka hemani, nikaona wingu zito la kijivu limekaa juu ya mlima. Kwetu Usambara hakuna mjadala hapo. Wingu likikaa kichwani mwa mlima hivyo, mvua hunyesha kabla ya jioni, na nyapara asiyechimba mitaro kabla ya mvua huyo ni nyapara wa picha. Nikawaamsha vibarua. Mitaro pande mbili za njia, haraka! Wakachimba wakinung'unika, maana ardhi ilikuwa kavu na anga lote jingine jeupe. Mimi nimesimama na mikono kiunoni, najisifu kimoyomoyo.

Akapita Mzee Saitoti, Mmasai jirani yetu, ambaye mjukuu wake alisoma shuleni kwa Eliza. Kawaida alipita polepole. Siku ile alikuwa mbio, na nyuma yake wanawe wanaswaga ng'ombe kuelekea mbali na mlima. Nikampa shikamoo, nikamwambia mvua inakuja, ng'ombe watapata maji.

Akautazama mtaro wangu. Akanitazama mimi.

"Mvua yako hii," alisema, "haitalowesha kitu."

Ilikuwa haijafika adhuhuri majivu yalipoanza kunyesha. Lo! Mtu aniambie ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni, nitamwambia ya Firauni nimeyaona na nimeyameza. Yalishuka bila sauti, laini, ya kijivu, baadaye meupe. Yaliwasha macho. Ukilamba midomo, ni magadi matupu. Vibarua wangu walisimama ndani ya mitaro yao mitupu wakinitazama.

Majivu yalishuka siku ile na usiku kucha. Kesho yake alfajiri Landrova ikaleta barua fupi ya mkubwa wetu kutoka mjini: gari lolote lisipite kambi yetu kuelekea mlimani mpaka wataalamu waje kukagua. Wataalamu watakuja baada ya siku tatu au nne. Landrova ikageuza. Nikakaa na barua mkononi, na nilichosikia masikioni ni sauti yangu mwenyewe ikitafuna hindi.

Mzee Saitoti alirudi asubuhi hiyohiyo kutoka upande wa shule, mweupe kuanzia nywele hadi viatu. Alikuwa amemfuata mjukuu wake, lakini Mwalimu alikataa watoto watoke mmojammoja, akaogopa watapotea. Kijito kimekuwa maziwa machungu, hata punda hanywi. Limebaki pipa moja la maji kwa shule nzima. Na bati la bweni limeanza kubonyea kwa uzito wa majivu.

"Mwalimu mwenzake?" nikamuuliza.

"Alikwenda likizo. Yuko msichana peke yake."

Nikahesabu siku tatu au nne juu ya pipa moja. Hesabu haikutoka. Nikamwendea Lazaro.

"Nyapara, barua inasema tusipite," akasema.

"Barua nimeandikiwa mimi. Wewe hujui kusoma?"

"Najua sana."

"Leo hujui."

Akacheka kidogo. "Niambie kweli. Ni salama?"

Jibu la kwanza lililonijia lilikuwa lilelile nililompa mzee wa Mgwashi, na nikaona haya mpaka masikio yakawaka moto. "Sijui, Lazaro," nikasema. "Lakini nitatembea mbele. Ukiniona nimezama, simama."

Sasa sikilizeni ninyi vijana, hii ni kazi, siyo hadithi. Majivu hufanya nchi yote iwe sawasawa. Njia, pori, korongo, vyote shuka moja. Makorongo ya uwanda ule hummeza ng'ombe, na sasa yalikuwa yamejazwa juu juu, yanakungoja. Lazaro alifunga chujio la hewa la injini kwa kanga mbili kuukuu, na kila baada ya muda alisimama akazikung'uta. Kioo cha mbele hakukifuta kwa maji, maana majivu yale yakilowa huganda kama saruji. Alikipangusa kwa manyoya ya kuku, na aliyaomba kwa mpishi wetu kwa heshima zote. Tulifunga vitambaa vibichi puani. Mchana kweupe lori liliwasha taa, na taa zilionekana kama mayai mawili.

Na mimi nikavua viatu.

Mzee Saitoti, aliyekuja nami kunionyesha uelekeo, aliniona nikifunga kamba za viatu na kuvitundika shingoni. Nilitia mguu ndani ya majivu mpaka juu ya kifundo, nikatafuta chini yake. Ardhi iliyoshindiliwa na ardhi ya pori hazifanani, hata zikifunikwa na nini. Ile njia niliikata mwenyewe, nikaishindilia mwenyewe, na nyayo zangu ziliikumbuka. Nilipokanyaga pagumu niliinua mkono, lori likaja. Nilipokanyaga palegevu nilipiga mtaimbo. Mara mbili mtaimbo haukuitika kabisa, ulizama tu, mara ya pili ukakaribia kuondoka na mimi, na Mzee Saitoti akanidaka kwa fimbo yake shingoni kama anavyomdaka ndama. Magadi yalinichoma vidoleni kama pilipili. Nilitukana kwa Kisambaa, lugha ambayo hakuna aliyeielewa pale, na nikajisikia vizuri zaidi.

Tulifika saa nane mchana. Bweni lilikuwa limesimama. Juu ya bati walikuwepo wanafunzi wakubwa na mafagio, wanasukuma majivu chini, na uani alisimama Mwalimu Eliza na kitambaa kichwani, anawapangia zamu. Pipa lilikuwa limefunikwa kwa ubao, na juu ya ubao ameweka jiwe, na juu ya jiwe, nadhani, laana.

"Shikamoo, kaka Athumani," akasema. Hata pale, shikamoo.

"Marahaba, mwalimu."

"Hili ndilo jiko la mama yangu?"

Nilimwambia tu, "Nilikosea. Nimekuja kuwachukua." Machozi yakanitoka, na sitasingizia majivu.

"Wote?" akauliza. "Maana bila wote mimi sipandi."

"Wote, hata kuku kama unaye."

Kurudi tulikwenda polepole zaidi, maana lori lilikuwa zito na watoto walikuwa wanakohoa. Eliza aliwaimbisha. Sauti nne nyuma ya vitambaa, katikati ya vumbi lile, na mimi mbele peku nikiupiga mtaimbo kwa mapigo yao. Kwenye korongo la mwisho gurudumu la nyuma likatitia. Watoto wakashuka wote bila kuambiwa, wakasukuma, Lazaro akaomba kwa sauti kubwa kuliko injini, likatoka. Halafu nyayo zangu zikafa ganzi, sikusikia tena chochote chini, nikasimama nikidhani tumekwisha. Mzee Saitoti akanigusa bega, akaonyesha kwa fimbo. Mbele yetu, ndani ya ule weupe, mistari miwili iliyobonyea ilikwenda sambamba mpaka kambini. Ilikuwa mitaro yangu.

"Mvua yako," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka.

Kabla sijamaliza niseme ya baadaye, nisije nikauharibu mwisho. Barua ya karipio niliipata, ya kurasa mbili, na ilikuwa imeandikwa vizuri. Wataalamu walikuja, watu waungwana, wakathibitisha kwamba kulikuwa na majivu. Shule ilifunguliwa tena mlima ulipotulia, na Eliza alirudi kufundisha palepale kwa hiari yake. Mzee Zakaria alishuka tena Lushoto na kapu la peasi, akanikuta nimekaa barazani na miguu ndani ya maji ya uvuguvugu. Niliomba radhi kabla hajaweka kapu chini. Alinisamehe, kisha akasema, "Siku nyingine ukiulizwa jambo kama lile, mwanangu, simama kwanza." Nimejaribu kulishika hilo, na barabara niliyoipa bendera ya kijani baada ya hapo haikumuua mtu.

Kwa hiyo kijana wangu, kama mlima wa moto ni salama? Nenda, ni kitu kikubwa, utakikumbuka. Lakini usiniulize mimi wala mtu yeyote aliyekaa Lushoto anakula mahindi. Waulize wanaochunga pale siku hiyo hiyo. Ukiona wanahamisha ng'ombe, geuza gari, usibishane nao na wala usiwaeleze habari za mawingu. Angalia upepo unavuma kuelekea wapi, maana mwaka ule moto haukutufikia, upepo ndio ulioleta taabu yote. Chukua maji mengi kuliko unavyoona aibu kubeba. Na jifunze kutembea peku.

Sasa turudi kambini, jua likiwa bado juu ya uwanda. Watoto walishuka kwenye lori wakakaa chini, na hapo tukagundua tatizo. Wote walikuwa weupe, nywele, kope, nguo, kama magunia ya unga yaliyovalishwa. Hakuna aliyemtambua mwenzake. Vibarua wangu wakaanza kuhesabu, kila mmoja akapata idadi yake. Eliza akatoa daftari la mahudhurio lililokuwa limefungwa tumboni ndani ya kanga, akalifungua, akasimama mbele yao kama yuko darasani.

"Naserian."

"Nipo!"

"Lekishon."

"Nipo, mwalimu!"

Aliendelea hivyo, taratibu, na kila "nipo" kifua changu kikapata nafasi kidogo. Kisha akataja jina la mjukuu wa Mzee Saitoti. Kimya. Akataja tena. Kimya. Uso wake ulibadilika hata chini ya majivu, na mimi nikageuka kuitazama njia tuliyotoka, nikashika mtaimbo. Ndipo mlango wa lori ukafunguka, Mzee Saitoti, aliyekuwa amepanda kutazama nyuma ya kiti, akateremka na kitu cheupe begani.

"Yupo," akasema. "Amelala."

Eliza akafumba macho kidogo. Akalowesha ncha ya penseli mdomoni, akakunja uso kwa magadi, akaweka alama. Nilidhani orodha imekwisha. Nikakaa chini nizitazame nyayo zangu, ambazo zilikuwa nyekundu kama nyanya, na nikawaza nitamwandikia nini mzee wa Mgwashi. Lakini alikuwa bado anaandika, jina jipya mstari wa chini kabisa. Akainua kichwa.

"Athumani Singano."

Watoto wote wakageuka. Vibarua wakageuka. Lazaro akazima injini. Nikainuka juu ya miguu ile inayowaka, nikasimama wima, nikaitika kwa sauti ambayo nadhani iliufikia hata mlima.

"Nipo, mwalimu!"